Ushirikishaji wa Wanafunzi wa Kigeni katika Kazi za Vikundi Vyuoni

Katika vyuo vikuu vya Tanzania, mihadhara mingi hutolewa kwa Kiingereza, ilhali majadiliano ya wanafunzi katika vikundi huendeshwa kwa kiasi kikubwa kwa Kiswahili. Kwa Mtanzania, hali hiyo hurahisisha uelewa. Kwa mwanafunzi aliyetoka Sudan Kusini, au aliyesomeshwa kwa Kifaransa nchini Burundi, hali hiyohiyo inaweza kumweka kando ya kazi yenye jina lake. Ukimya wake huchukuliwa kuwa utegeaji, na alama anayopewa, iwe nzuri au mbaya, haipimi alichojifunza.

Suluhisho linalopendekezwa mara nyingi ni kumhimiza mgeni azungumze. Pendekezo hilo lina upungufu, kwa kuwa linauhesabu ukimya kuwa tabia ya mtu, ilhali chanzo chake kinaweza kuwa muundo wa kazi yenyewe. Iwapo wanakikundi wote wamepewa swali lilelile na matini zilezile, kikundi kinaweza kuikamilisha kazi bila ya mgeni.

Mnamo mwaka 1971, mwanasaikolojia Elliot Aronson alikabiliana na tatizo la namna hii katika shule za Austin, Texas, baada ya wanafunzi wa asili mbalimbali kuanza kusoma pamoja. Katika mbinu aliyoibuni, kila mwanafunzi hupewa sehemu moja tu ya somo, huichambua pamoja na wenzake wa vikundi vingine waliopewa sehemu hiyohiyo, kisha hurudi kuwafundisha wanakikundi wake.

Tuchukulie kazi ya kulinganisha sera za lugha ya kufundishia. Mwanakikundi mmoja husoma Sera ya Elimu na Mafunzo ya Tanzania ya mwaka 2014; wa pili huchunguza uamuzi wa Rwanda wa mwaka 2008 wa kufundisha kwa Kiingereza badala ya Kifaransa; wa tatu, Mrundi, huchambua hati za Burundi zilizoandikwa kwa Kifaransa. Bila ya maelezo yake, ulinganisho haukamiliki.

Hata hivyo, mbinu hii hudai masharti matatu: matini zitolewe mapema, kikundi kikubaliane kuhusu lugha ya kikao, na mchango wa kila mmoja upewe alama zake. Aidha, mgeni asifanywe msemaji wa nchi yake katika kila kazi. Katika kazi inayofuata, yafaa yeye achambue sera ya Tanzania, na Mtanzania aichambue ya Burundi.