Kupasuliwa Ini Si Mwisho wa Matibabu



Mwenzetu akishapasuliwa saratani ya ini, mara nyingi hudhani yamekwisha. La! Saratani hiyo huweza kuota tena. Ndiyo maana hupimwa damu na kupigwa picha ya ini kila miezi 3 hadi 6. Si kila mmoja hupewa dawa kali za saratani. Daktari ndiye huamua. Mwenye homa ya ini B asiache vidonge vyake.

Taasisi ya Saratani ipo Mulago, Kampala, tangu 1967. Kutoka Kasese ni mbali, lakini tusikose siku. Sheria ya Ajira ya 2006 inampa mgonjwa mshahara kamili mwezi wa kwanza, akimjulisha mwajiri mapema na kuonyesha cheti cha daktari. Cheti hicho tukitunze!