Mkazi wa Siri Ndani ya Hamira

Mama anapokanda unga wa maandazi usiku na kuufunika ili uumuke hadi alfajiri, huwa ametia humo mamilioni ya viumbe hai. Hamira ni viumbe vya chembe moja moja, na mara nyingi ndani ya kiini cha chembe hiyo mna mkazi ambaye shughuli yake kubwa ni kujinakili.

Wataalamu humwita Ty1, wa ukoo wa retrotransposoni. Ni kipande cha DNA, yaani maandishi ya urithi, chenye urefu wa herufi karibu 6,000. Hamira ya maabara huwa na nakala zake zipatazo 30.

Kwa kawaida DNA hunakiliwa kuwa RNA, nayo RNA hutumika kutengenezea protini. Ty1 huifuata njia hiyo kinyumenyume. RNA yake hutoka kiinini ikafungiwa katika kifuko cha protini kinachofanana na kirusi, pamoja na kimeng'enya kiitwacho rivasi-transkriptasi. Kimeng'enya hiki hakiwezi kuanza kuandika pasipo kishikizo. Basi huazima, bila ya ruhusa, RNA fupi ya chembe yenyewe, ile ambayo kazi yake halali ni kuleta methionini protini inapoanza kujengwa. Kutoka hapo huisoma RNA na kuandika DNA mpya, ambayo hurudi kiinini na kupachikwa mahali pengine. Ikipachikwa katikati ya jeni, jeni hiyo huharibika. Lakini Ty1 hupendelea sehemu ambazo madhara yake ni madogo. Mpangaji mwerevu haichomi nyumba anayolala.

Yalijulikanaje haya? Mwaka 1985, Jef Boeke, Gerald Fink na wenzao huko Marekani walimchomeka Ty1 kipande cha ziada, cha aina ambayo chembe huikata katika RNA tu, kamwe si katika DNA. Kisha wakamwamsha kwa sukari iitwayo galaktosi. Nakala mpya zilipochunguzwa, kile kipande hakikuwamo! Kwa hiyo zilikuwa zimepitia RNA.

Kimeng'enya chenyewe kilikuwa kimegunduliwa mwaka 1970 na Howard Temin na David Baltimore, kila mmoja kwa upande wake, katika virusi vya saratani ya wanyama. Virusi vya UKIMWI navyo hukitegemea. Tenofovir na lamivudini, dawa zilizomo katika vidonge vya ARV, hukipa kimeng'enya hicho herufi za uongo: kikishaipachika moja, uandishi hukwama papo hapo.

Mla maandazi asiingiwe na hofu. Ty1 hana lile koti la nje ambalo virusi hutumia kutokea chembe moja na kuivamia nyingine. Huzaliwa humo, huishi humo, na husafiri tu pale hamira inapogawanyika au inapojamiiana na hamira nyingine.