Mficha Maradhi, Kifo Humuumbua

Kariokor ya Nairobi ilipata jina lake kwa Carrier Corps, kikosi cha wapagazi waliobeba mizigo ya jeshi la Uingereza katika Vita Vikuu vya Kwanza. Hata leo wengi mtaani humo huchuma riziki kwa nguvu za mgongo, na mgongo ukiuma hutafutwa kidonge. Miongoni mwa vidonge hivyo ni tramadoli na kodeini, dawa za jamii ya afyuni. Kwa kipimo cha daktari zina manufaa. Zikikutana na pombe, huua.

Dawa hizo na pombe hulegeza sehemu ileile ya ubongo inayoamrisha pumzi. Mtu hulala, pumzi zikapungua, oksijeni katika damu ikashuka. Shinikizo la damu nalo huanguka. Moyo uliokosa oksijeni huvurugika mapigo, na mwishowe husimama. Aliyekunywa miaka mingi yu hatarini zaidi, kwani pombe huwa imekwisha kudhoofisha msuli wa moyo wake na kuharibu mishipa.

Wanaotibiwa uraibu wa heroini kwa methadoni, matibabu yaliyoanza Mathari mnamo Desemba 2014 na sasa yapo pia Ngara, jirani na Kariokor, nao wajihadhari. Methadoni yenyewe yaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Pombe huzidisha hatari.

Kwetu Waislamu pombe ni haramu, na kwa haya hiyo mke hunyamaza mbele ya daktari, mama naye husema mwanawe "amechoka tu." Kusitiri aibu ya ndugu ni wema, lakini kumficha tabibu si sitara. Asiyeambiwa hawezi kuchagua dawa iliyo salama.

Ukimkuta mtu anakoroma kwa shida, midomo imegeuka rangi, mboni za macho zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano, wala haamki ukimtikisa, usimwache alale mpaka ulevi umtoke. Mlaze ubavu, mkimbize hospitali, useme wazi alichomeza na alichokunywa. Naloksoni huondoa athari ya afyuni, si ya pombe, kwa hiyo kila neno lako lina thamani. Kwa ushauri kuhusu uraibu, simu ya NACADA, 1192, hupigwa bila malipo.

Mwenyezi Mungu atujaalie ujasiri wa kusema kabla ya kilio. Amin.