Mivutano katika vyuo vya bweni vya Indonesia

Tangu yatokee mashambulizi ya mabomu ya Bali, Oktoba 12, 2002, ambapo watu 202 waliuawa, wapo wengi wanaoamini kwamba madrasa ya bweni ni kiwanda cha magaidi. Nimeyasikia hayo barazani, nimeyasikia kwenye daladala, na hata kwa watu waliosoma. Wiki hii nataka tuliangalie jambo hilo kwa utulivu, na tuliangalie huko huko Indonesia lilikotokea.

Waindonesia huviita vyuo hivyo pesantren. Viko zaidi ya elfu 30, na wanafunzi wake, wanaoitwa santri, huhesabiwa kwa mamilioni. Pesantren ya jadi ni mali ya kiongozi mmoja, kyai. Mara nyingi ardhi ni yake, msikiti ni wake, mabweni ni yake, na akifariki nafasi yake hushikwa na mwanawe au mkwewe. Santri hukaa chini mbele yake na kusoma fikihi katika vitabu vya Kiarabu vya karatasi za manjano. Msikilizaji wa Lamu au wa Unguja asidhani haya ni mambo ya mbali. Madhehebu ni yale yale ya Imamu Shafii. Na kile kitabu cha Safinatun Najaa ambacho watoto wa pwani yetu huanzia fikihi, mtungaji wake, Sheikh Salim bin Sumair wa Hadhramaut, alifia Batavia, mji ambao sasa ni Jakarta.

Je, vyuo hivi vya jadi vilikuwa vya amani tupu? La hasha. Mwaka 1960 serikali ya Sukarno ilipitisha sheria za kugawa upya ardhi. Utekelezaji ulipochelewa, wakulima waliofuata Chama cha Kikomunisti walianza kujichukulia mashamba wenyewe, hasa Java ya Mashariki, na baadhi ya mashamba hayo yalikuwa ya makyai. Hapo ugomvi wa shamba ukavikwa kanzu ya dini. Baada ya jaribio la mapinduzi la Septemba 30, 1965, jeshi liliwasaka wakomunisti, na vijana wa Ansor, tawi la jumuiya ya maulamaa ya Nahdlatul Ulama, wakalisaidia kuua. Waliouawa nchi nzima wanakisiwa kufika nusu milioni au zaidi. Linganisheni na Bali. Lakini kwa miaka mingi hakuna aliyeziita pesantren zile viwanda vya magaidi, kwa kuwa waliouawa walikuwa maadui wa serikali. Aliyethubutu kuomba radhi hadharani, mwaka 2000, alikuwa Rais Abdurrahman Wahid, naye ni mjukuu wa mwasisi wa Nahdlatul Ulama. Waislamu wenzake wengi walimkasirikia.

Sasa tuje Ngruki, karibu na mji wa Solo. Hapa ndipo kilipo chuo cha Al-Mukmin, kilichoanzishwa mwaka 1972 na kina Abdullah Sungkar na Abu Bakar Ba'asyir. Mukhlas, mmoja wa walionyongea roho za watu kule Bali na aliyeuawa kwa hukumu ya mahakama mwaka 2008, alisoma hapo. Lakini Ba'asyir mwenyewe alisoma wapi? Alisoma Gontor, chuo cha kisasa kilichoanzishwa mwaka 1926 na kinachosifika kwa kufundisha Kiarabu na Kiingereza. Gontor hiyo hiyo ndiyo iliyomtoa Nurcholish Madjid, mwanachuoni aliyewataka Waislamu wasiigeuze dini kuwa chama cha siasa. Bweni lilikuwa moja, mwendo ukawa mbalimbali.

Kilichowatenganisha, kwa maoni yangu, ni mambo ya nje ya darasa. Serikali ya Suharto ilipitisha sheria mwaka 1985 kwamba kila jumuiya ikubali itikadi ya taifa, Pancasila, kuwa msingi wake pekee. Nahdlatul Ulama walikuwa wamekwisha kukubali mwaka mmoja kabla. Waliokataa walijificha. Sungkar na Ba'asyir, waliokuwa wamekwisha kuonja jela, walikimbilia Malaysia mwaka huo huo wa 1985, na vijana wao wakapelekwa mpakani mwa Afghanistan kujifunza silaha. Hapo ndipo kilipozaliwa, mwaka 1993, kikundi cha Jemaah Islamiyah. Wakuu wake walitangaza kukivunja Juni 30, 2024, wakaahidi kuipitia upya mitaala ya vyuo vyao.

Mimi naona linalopaswa kuulizwa ni hili: katika chuo, nani anaweza kumuuliza kyai? Ukimya ule ule unaomruhusu mwalimu kupanda chuki humruhusu pia kutenda maovu mengine. Mwaka 2022 mahakama za Bandung zilimtia hatiani mwalimu mmoja mwenye chuo kwa kuwabaka wanafunzi 13, wengi wao watoto wa masikini waliofurahia nafasi ya kusoma bure. Ilichukua miaka kabla ya mtoto mmoja kusema. Kesi hiyo iliwachoma watu, na Aprili mwaka huo huo Bunge likapitisha sheria ya kupambana na udhalilishaji wa kijinsia, iliyokuwa imekwama miaka mingi.

Hata hivyo, wanaouliza wapo pia ndani ya mabweni. Aprili 2017 maulamaa wanawake walifanya mkutano mkuu wao wa kwanza katika pesantren ya Kebon Jambu, Cirebon, ambayo inaongozwa na mwanamke aliyeishika baada ya kufiwa na mumewe. Walitoa fatwa tatu, kwa kutumia vitabu vile vile vya manjano: dhidi ya udhalilishaji wa kijinsia, dhidi ya ndoa za watoto, na dhidi ya uharibifu wa mazingira. Wakati ule msichana aliruhusiwa kuolewa akiwa na miaka 16. Mwaka 2019 sheria ilibadilishwa, ikawa 19.