Utandawazi na Utamaduni (3): Mlango Umeshikwa na Nani?

Hakuna kongamano la utamaduni linalokwisha bila mtu kusimama na kulalamika kwamba filamu na tamthilia za nje zinatumeza. Katika sehemu mbili zilizopita nilieleza safari za bidhaa na za habari. Leo nilishughulikie lalamiko hili, ambalo kwa maoni yangu linamkamata mtuhumiwa asiyehusika.

Ingia kibanda umiza. Mikanda ya VHS ilipoenea, vibanda hivi vya mabati na mabenchi vilionyesha mapigano ya Hong Kong, vita vya Rambo na mapenzi ya Bombay kwa watu ambao wengi wao hawakuzijua lugha za filamu hizo. Ndipo akatokea mtafsiri. Dar es Salaam alivuma Derek Gaspar Mukandala, yaani Lufufu, aliyeitafsiri hata Titanic ya James Cameron. Kenya ina DJ Afro. Uganda wanaitwa ma-VJ, na wengi wao husimulia kwa Kiganda. Kazi yao si ya mkalimani wa mahakamani. Sauti ya filamu inashushwa, msimulizi anaingia: anawabandika waigizaji majina ya mtaani, anamkaripia shujaa anayezubaa, anatuonya mapema kwamba yule shemeji si mtu, tena anachomeka utani ambao Hollywood haikuuota. Bibi zetu waliotutolea hadithi jioni wangemtambua mara moja kuwa ni mwenzao. Anayemezwa hapo ni Rambo.

Wala mambo haya hayakuanza na video. Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake walivuka bahari kutoka Unguja hadi Bombay kurekodi nyimbo zao kwa ajili ya santuri za His Master's Voice. Taarab ilikuwa imekwisha kuchota Misri na Uarabuni. Siti akaiimba kwa Kiswahili, ikawa ya watu wa Ng'ambo, mtaa wa makabwela mjini Unguja. Baadaye waimbaji wakachukua na tuni za filamu za Kihindi, wakazitia maneno yao. Kwa upande wa sanaa, pwani haikupoteza kitu. Lakini mitambo ya kurekodia na kiwanda cha santuri vilikuwa vya kampuni ya kigeni, na hilo ndilo la kutukosesha usingizi.

Kufunga mlango ili kazi za nje zisiingie tulikwisha kujaribu. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya mwanzo ya 1970, ilhali Tanzania Bara ilikaa bila televisheni mpaka 1994. Mikanda iliingia hivyo hivyo, mingi ikiwa nakala za nakala. Filamu za Nigeria nazo zikaja, na badala ya kutuua zikatufundisha kazi: Bongo Movie iliiga mengi Lagos, na filamu ya Dar 2 Lagos ya 2006 ilimkutanisha marehemu Steven Kanumba wetu na Mercy Johnson wa Nigeria. Ndiyo maana waigizaji wetu walipoandamana Kariakoo mwaka 2017 kupinga uuzaji wa filamu za nje, watazamaji wengi waliwacheka. Nilidhani kicheko kile kilikuwa kikali mno. Msanii anayelipa kodi hawezi kushindana kwa bei na nakala ya wizi, na madai yao yangesimama vizuri zaidi kama yangeanzia hapo.

Siku hizi tamthilia za Kituruki zinaingizwa sauti za Kiswahili studioni, haki zikiwa zimenunuliwa, na waigizaji wa sauti wakilipwa. Msimulizi wa kibandani hana mkataba wa aina hiyo. Akipandisha kazi yake YouTube, mfumo wa kutambua hakimiliki, uliopo tangu 2007, unaweza kuizuia au kumpelekea mwenye filamu mapato yote ya matangazo. Picha si zake, kweli. Sauti, utani na yale majina ya mtaani ni vyake, na mfumo huo hauna pa kuviandika.

Sehemu ya nne: nani anailipia sauti ya mtafsiri?