Imani Inayokaa Mkekani: Desturi ya Jumuiya huko Wazo

Tangu kiwanda cha saruji kilipoanza kazi katika kilima cha Wazo mwaka 1966, watu wa makabila mengi wamehamia upande ule wa barabara ya Bagamoyo, wengine wakifuata ajira na wengine kiwanja cha kujenga. Na wengi waliotoka bara walikuja na Ukristo wao katika nchi ya pwani ambayo wenyeji wake, tangu zama za kale, aghalabu ni Waislamu. Mtu wa namna hiyo, aliyewaacha wazee na ndugu zake mbali, akipatwa na ugonjwa au msiba, ni nani atakayemwendea kwanza? Kwa Wakatoliki wa Wazo, jawabu ni jumuiya.

Maaskofu wa Afrika Mashariki waliokutana Nairobi mwaka 1973, na tena mwaka 1976, waliazimia kwamba Kanisa lijengwe katika jumuiya ndogo ndogo za majirani wanaojuana. Azimio hilo limekuwa desturi. Jumamosi asubuhi na mapema, kabla watu hawajatawanyika kwenda sokoni Tegeta, wanajumuiya hukusanyika kwa zamu nyumbani kwa mmoja wao, mwenyeji akiwa amekwisha tandika mkeka, akapanga viti alivyoazima kwa jirani, na kuweka msalaba na mshumaa juu ya meza ndogo. Atakayefika husema, "Tumsifu Yesu Kristo," akajibiwa, "Milele, amina," na hapo hukaa palipo na nafasi, awe mhasibu wa benki au mama muuza vitumbua.

Husomwa Injili ya Jumapili inayofuata, na kila mwenye neno hulinena. Lakini kwangu mimi kiini cha asubuhi ile ni nia za sala, pale ambapo mjane huomba ada ya mwanawe, fundi mwashi aliyekaa bila kibarua huomba kazi, na mama huomba amani na mkwewe, wote wakizisema haja zao waziwazi mbele ya watu watakaokutana nao kesho kisimani na dukani. Hakuna anayemwekea Mungu muda wala kumdai muujiza. Huomba, kisha hungoja kwa subira na tawakali, huku mhazini akipitisha kikapu ili mgonjwa wa mtaa wa pili apelekewe chochote. Imani ya namna hii haina kelele, nami naiona kuwa na nguvu kuliko ile inayotangazwa kwa vipaza sauti, kwa maana yule aliyekubali kuonekana mhitaji mbele ya jirani amekwisha kukishinda kiburi, adui mkubwa wa sala.

Kuna jambo linalonihuzunisha. Kadiri nyumba za kuta ndefu zinavyozidi kuelekea Madale, wamezidi pia wale wanaotuma mchango wao kwa mkono wa mtumishi, wao wenyewe wasifike. Nazo fedha zao ni halali na zina kazi, ila kutoa si badala ya kuketi pamoja. Halafu msiba ukiwafika, viongozi huulizwa kama marehemu alikuwa akishiriki, na baadhi ya jumuiya hujibu kwa ukali. Ukali huo siukubali, kwani wafiwa hawastahili kuadhibiwa matangani. Jirani Mwislamu anayeleta mchele na kuni siku hiyo haulizi daftari la mahudhurio, na Mkristo hapaswi kumzidi kwa ugumu wa moyo.

Basi nawasihi wenzangu waliohamia karibuni: mwulizeni jirani jumuiya inasali kwa nani Jumamosi hii, mwende kwa miguu yenu wenyewe, na zamu ya nia ikiwafikia, msiombe kwa ajili ya wengine tu, semeni na haja yenu.