Bei ya Kungoja Nvidia Ianguke

Novemba 2025 vyombo vya habari vya fedha vilitangaza kuwa Michael Burry, msomi wa udaktari aliyetajirika pale soko la nyumba la Marekani lilipoporomoka, ameweka dau la zaidi ya dola bilioni 1 akitarajia hisa za Nvidia, watengenezaji wa chipu, na za Palantir, kampuni ya programu za data, zishuke. Jibu lake ndilo lililonikaa kichwani. Kwa Palantir, alisema, hakutoa dola milioni 912 zilizoandikwa. Alitoa milioni 9.2. Alinunua mikataba 50,000, kila mmoja ukiwa na hisa 100, kwa dola 1.84 kwa hisa, ili awe na haki ya kuziuza kwa dola 50 mwaka 2027. Bei ya sokoni wakati huo ilizidi mara tatu ya hiyo.

Soko likimkatalia, dola 1.84 kwa hisa ndiyo hasara yake yote. Anayekopa hisa kwa dalali, akaziuza leo akitumaini kuzinunua baadaye kwa bei ya chini na kuzirudisha, hana kinga hiyo. Aliyeuza hisa za Nvidia za dola 100 kwa njia hiyo mwanzoni mwa 2023, mwishoni mwa 2024 angehitaji zaidi ya dola 900 kuzirudisha. Wala asingeachwa angoje. Bei ikipanda dalali hudai dhamana zaidi, na asiyekuwa nayo hufungiwa hesabu kwa bei ya siku hiyo. Tarehe 27 Januari 2025 Nvidia ilishuka asilimia 17 na kupoteza karibu dola bilioni 600 za thamani. Waliokwisha kutolewa sokoni hawakuambulia kitu. Kufikia Julai, kampuni ilikuwa imevuka dola trilioni 4.

Burry anayajua machungu ya kungoja. Alianza kuweka dau dhidi ya mikopo ya nyumba mwaka 2005, na kabla soko halijaanguka wateja wake walimjia juu wakitaka fedha zao.

Safari hii hoja yake iko kwenye vitabu vya hesabu. Wanunuzi wakubwa wa chipu, anasema, wanaandika kuwa mitambo yao itadumu miaka 5 au 6, ilhali yeye anaipa 2 au 3. Kama amepatia, gharama ya mitambo hiyo imegawanywa kwa miaka mingi mno, na faida wanazotangaza zimekuzwa. Nvidia iliwaandikia wachambuzi kwamba chipu zake za 2020 bado zinafanya kazi sana. Lakini wanunuzi wenyewe walitofautiana: mwaka 2025 Meta ilirefusha umri wa seva zake hadi miaka 5 na nusu, huku Amazon ikipunguza umri wa baadhi ya seva zake kutoka 6 hadi 5, ikitaja kasi ya akili unde.

Namheshimu mtu anayepanga hasara yake kabla ya kuota faida. Ila chipu ya miaka minne inayoendelea kuwaka, inaingiza kiasi gani baada ya kulipia umeme wake? Na mwenye hisa wa kawaida atajuaje, ikiwa wanaomiliki chipu hizo wenyewe hawakubaliani?